Uzamiaji wa Kulipwa: Kazi Kwanza, Kadi Baadaye

Tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee katikati ya mlango wa Likoni, Mombasa, likazama na mama na mwanawe ndani. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa maji, na swali lililokuwa midomoni mwao lilikuwa la haki kabisa: pwani hii ina wazamiaji kila kona, kuanzia Watamu mpaka Diani, imekuwaje hapatikani wa kushuka akafunga kamba kwenye gari?

Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Mashirika makubwa yanayotoa kadi za uzamiaji wa starehe kwenye pwani yetu yanaweka mwisho wa mwanachama wao kwenye mita 40. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 unaweza kumpa mtu dakika 40 akiwa mita 20 chini. Ushushe mtungi huohuo hadi mita 58 na hauzidi dakika 18, hata kama mwenye kuvuta hewa ametulia vilevile, na hakuna anayetulia kwenye giza na mkondo wa mlango wa bandari. Tena hapo hatujahesabu nitrojeni, ambayo kwenye kina hicho humlewesha mtu, wala vituo ambavyo lazima asimame wakati wa kupanda. Kazi ile ilifanywa na wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, na wengine wakaitwa kutoka Afrika Kusini. Mwalimu hodari wa kituo cha watalii hakufundishwa kazi ile, na asingestahili kulaumiwa kwa kukaa nayo mbali.

Kisa hiki kinanisaidia kusema jambo ambalo vijana wengi wa pwani hawaambiwi wanapokwenda kuulizia kozi. Uzamiaji wa kulipwa ni kazi mbili tofauti. Ipo ya kuongoza na kufundisha watalii, na ipo ya ufundi wa chini ya maji: gati, mabomba, nyaya, meli. Vyeti vyake ni mbali mbali, na hata vifaa na hatari zake hazifanani. Aliyepanda ngazi yote ya kwanza hadi juu, akitaka kuhamia ya pili anaanzia chini kabisa. Ndiyo maana naona makosa kuanza kwa kuuliza “PADI au SSI?” yaani kadi ya shirika lipi la uzamiaji, kama tunavyofanya. Kwanza mtu ajue anataka kushuka kufanya nini.

Nianze na utalii, kwa sababu ndiko wengi wanakoelekea na ndiko kazi zilipo leo.

Ngazi yake inajulikana. Kwa PADI unaanza na Open Water, inayokuruhusu hadi mita 18. Inafuata Advanced, hadi mita 30. Halafu Rescue, kozi ya uokoaji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote kwa pesa unayolipa. Baada yake unaingia kwenye kadi ya kwanza ya kazi, ya daivimasta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Uwe na miaka 18, uwe na mbizi 40 za kuanzia na 60 za kumalizia, uogelee mita 400 bila kusimama, ukae juu ya maji dakika 15 bila kushika kitu, umvute mzamiaji aliyechoka mita 100, na daktari awe amekusainia kwamba mwili wako unafaa. Daivimasta anaongoza watu ambao tayari wana kadi na anamsaidia mwalimu. Kufundisha Open Water peke yake hana ruhusa. Anayetaka kufundisha anaendelea hadi ualimu, kwa mbizi zisizopungua 100 na angalau miezi 6 tangu apate kadi yake ya kwanza, kisha anakaa mtihani mbele ya mtahini anayeletwa na PADI wenyewe. Kituo kilichomfundisha hakimtahini.

SSI wana ngazi inayokaribiana na hiyo. NAUI, BSAC ya Uingereza na CMAS, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Jacques-Yves Cousteau, nao wana zao. Kuna kiwango cha kimataifa cha ISO chenye namba 24801-3 kinachoeleza kiongozi wa wazamiaji awe anajua nini, na mashirika makubwa yamepanga kozi zao zikifikie. Kwa hiyo ule ubishi wa nembo ipi ni bora, ambao vijana wanaweza kuupigia kelele jioni nzima pale Nungwi, haustahili muda huo. Angalia tu mabango ya vituo unavyotaka vikuajiri. Kituo chenye nembo fulani kinahitaji mwalimu wa nembo hiyo, maana ndiye anayeweza kutoa kadi zake. Na mwalimu anaweza kuhama shirika moja kwenda jingine kwa kozi fupi. Suala la nembo linaishia hapo.

Lisiloishia hapo ni muda.

Tupige hesabu. Mbizi 60, kila moja ikiwa ya dakika 45, ni saa 45 chini ya maji, pungufu ya wiki moja ya fundi gereji. Kwa saa hizo mtu anaweza kupewa kadi inayomruhusu kuongoza wageni wanne baharini. Kuna vituo, hapa kwetu na duniani kote, vinavyotangaza kumchukua mtu ambaye hajawahi kuvaa mtungi na kumfikisha uongozi kwa wiki chache, na ualimu kwa miezi michache. Kanuni hazijavunjwa. Ila angalia mbizi zenyewe zilipigwa wapi: boti ileile, mwamba uleule, bahari imetulia, mwalimu yuko pembeni. Daftari limejaa, lakini ni mbizi moja iliyorudiwa mara 60.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu kwenye picha za matangazo haionekani. Uko Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini-mashariki mwa Unguja, maji ya kujaa au kupwa yameanza kukimbia kuzunguka kisiwa, na una wageni wanne nyuma yako. Mmoja amekuja na mkewe na hajazamia kwa miaka mitatu. Anapiga mapezi bila mpango na mikono inapepea, na hiyo tayari ni habari: hewa yake itakwisha mapema. Unamwonyesha kidole kwenye geji, anajibu kwa ishara kwamba yuko sawa, lakini hakutazama geji. Unasogea unaisoma mwenyewe: bar 70, wakati wenzake wana 120. Mkewe yuko mita tatu juu yenu anapigania masikio. Wawili waliobaki wameona kasa na wanamfuata kwenye maji ya kina zaidi. Nahodha juu anategemea mtatokea upande wa mkondo unakoelekea, na wewe ndiye unayejua upande huo ni upi leo, kwa sababu kabla ya kuruka uliangalia mapovu ya kundi lililotangulia yanalala vipi. Una pengine dakika moja ya kuwakusanya wote wanne, umpe yule wa bar 70 nafasi iliyo karibu nawe zaidi, na uamue kama mnapanda pamoja au unamkabidhi kwa msaidizi.

Uamuzi ule haupo kwenye kitabu. Unatokana na kuwa kwenye maji mengi tofauti: Mnemba kaskazi, Mnemba kusi, mlango wa Pemba ambako mkondo unaweza kukuchukua ukaona ukuta wa matumbawe unapita kama unatazama nje ya dirisha la basi, Ghuba ya Chole kule Mafia ambako maji yanaingia na kutoka kwa mlango mwembamba na saa ya kuzamia inaamuliwa na bahari. Mtu aliyekaa mwaka mzima kwenye boti kabla ya kuomba kadi ya uongozi ana kitu ambacho wa wiki sita hawezi kukinunua. Ningekuwa na kituo, ningemwajiri yule wa mwaka mzima akiwa na Rescue tu, nikamlipia kozi ya uongozi mwenyewe.

Na hapa kijana wa pwani ana faida kubwa kuliko mgeni anayekuja kusoma kwa likizo. Anajua kusi na kaskazi, anajua bamvua na maji mafu tangu utoto, kuogelea hakumpi hofu, na anazungumza na nahodha bila mkalimani. Anachopungukiwa mara nyingi ni lugha za wageni na fizikia. Lugha vijana wetu wanazishika wenyewe; nenda Nungwi au Watamu usikie Kiitaliano kinavyotiririka. Fizikia inataka mwalimu mwenye subira. Nimeona vijana wakikariri majibu ya maswali ya shinikizo bila mtu kuwaeleza kwamba kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo pafu lililojaa kwenye mita 10 na likapandishwa bila kutoa pumzi litataka nafasi mara mbili. Ukilielewa hilo moja, nusu ya kanuni za usalama huhitaji kuzikariri. Kozi ikifundishwa kwa Kiingereza tupu kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimia wageni, anatoka na kadi huku hajui kwa nini asizuie pumzi. Kituo kisichokuwa na hata mkufunzi mmoja wa kueleza mambo hayo kwa Kiswahili kinafundisha nusu, na bei yake ingepaswa kuwa nusu.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo panapoumiza.

Kozi ya uongozi inagharimu mamia ya dola, na ualimu, ukijumlisha kozi, ada ya mtihani, vitabu na maombi ya kadi, kwa kawaida unavuka dola 2,000. Kisha kuna ada ya uanachama kila mwaka. Usipoilipa, hata uwe fundi namna gani, hesabu yako ni kwamba haupo kazini. Mtalii mmoja analipa zaidi ya dola 100 kwa mbizi mbili za Mnemba, lakini kijana anayembebea mitungi hawezi kuipata fedha ya kozi kwa mshahara wa kubeba mitungi. Ndipo unapokuja ule mpango wa “fanya kazi kwetu, tutakufundisha bure”.

Siupingi mpango wenyewe. Walimu wengi wenyeji walio kazini leo walipita njia hiyo, na wangekosa njia nyingine. Ninachopinga ni namna unavyofanywa kwa maneno ya mdomo. Kijana anajaza mitungi alfajiri, anapakia boti, anasuuza vifaa jioni, anafagia, anakwenda kuchukua wageni hotelini. Miezi inapita. Mbizi zake za mafunzo zinafanyika tu siku ambazo boti ina nafasi, na msimu wa wageni boti haina nafasi. Msimu ukiisha kituo kinafunga kwa masika, mkufunzi anarudi kwao Ulaya, na kijana anabaki na nusu ya kozi ambayo hakuna karatasi ya kuithibitisha. Nimezungumza na vijana waliorudia mzunguko huu kwenye vituo viwili tofauti. Wenye vituo nao wana lao: wanamlipia kijana, anapata kadi, kesho yake amehamia kwa jirani anayelipa zaidi. Hoja zote mbili ni za kweli, na zote mbili zinatibiwa na mkataba wa ukurasa mmoja. Uandikwe: kozi ipi, imalizike tarehe ipi, mbizi ngapi za mafunzo kwa wiki, posho kiasi gani wakati wa kusoma, nani analipa ada ya kadi, na baada ya kadi atakitumikia kituo kwa miezi mingapi. Kama ni kumfunga mtu baada ya kumsomesha, afungwe kwa muda unaolingana na bei ya kozi. Miaka mitatu kwa kozi ya dola mia kadhaa ni dhuluma.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuchagua kituo ni kompresa, ile mashine ya kujaza hewa mitungini. Nenda uione. Bomba lake la kuvuta hewa liko wapi, na moshi wa injini unatokea wapi? Upepo ukigeuka, moshi ule unaingia kwenye mitungi? Uliza vichujio vilibadilishwa lini na uonyeshwe daftari. Hewa yenye kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na madhara yake yanaongezeka kadiri unavyoshuka. Uliza pia oksijeni ya dharura iko wapi kwenye boti, kisha ufungue kisanduku uone kama chupa imejaa. Kituo kinachokasirika kuulizwa maswali hayo na kijana anayetaka kufanya kazi kwao kimeshakujibu.

Sasa kazi ya pili. Hapa taarifa kwetu ni chache, na uvumi ndio mwingi.

Mzamiaji wa ufundi kwa kawaida habebi hewa yake mgongoni. Anavaa helmeti, na hewa inashushwa kwake kutoka juu kwa mpira mrefu uliofungwa pamoja na waya wa simu, kamba ya uhai na kipimo cha kina. Juu kuna msimamizi anayemsikia akipumua, kuna mtu anayeshika mpira, na kuna mzamiaji wa akiba aliyevaa tayari. Anaweza kuwa kwenye bandari ambako haoni kiganja chake mbele ya kioo, akifanya kazi kwa kupapasa: kukaza boliti, kukata chuma, kuchomelea, kukagua nguzo za gati, kutoa kamba iliyojisokota kwenye rafadha ya meli. Kwa hewa ya kawaida mwisho ni mita 50. Zaidi ya hapo ni kengele ya kuzamia, yaani chumba cha chuma kinachowashusha wazamiaji, na kuishi kwenye chemba yenye mgandamizo kwa wiki kadhaa, kazi ya watu wachache sana.

Uingereza inatoa vyeti chini ya kanuni zake za uzamiaji kazini za mwaka 1997, vinavyoitwa kwa kifupi vya HSE. Afrika Kusini ina madaraja: la 4 ni la mtungi wa mgongoni, la 3 na la 2 ni ya hewa ya mpira, la 1 ni la kengele. Australia ina mpango wake wa vyeti, ADAS. Kampuni za mafuta na gesi, zikiwemo za Ghuba ambako ndugu zetu wengi wanatafuta kazi, hufuata orodha ya vyeti vinavyotambuliwa na IMCA, umoja wa makampuni ya kazi za baharini, na umoja huo hauoni mtungi wa mgongoni kuwa unafaa kwa kazi za bahari kuu. Kadi ya mwalimu wa watalii haimo kwenye orodha hiyo, ya nembo yoyote iwayo. Nasisitiza kwa sababu wapo madalali wanaowaambia vijana kwamba kadi ya daivimasta itawapeleka kwenye mitambo ya mafuta. Haitawapeleka.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, Afrika Kusini ndiyo njia iliyo karibu zaidi kwa umbali na kwa bei, ingawa bado ni fedha nyingi: ada, nauli, miezi ya kuishi ugenini. Je, kazi ipo akirudi? Ipo, na itaongezeka. Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka upande wa Tanga. Gesi ya Songo Songo inafika bara kwa bomba ambalo sehemu yake imelala chini ya bahari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, na mafuta yale hayapakiwi bila gati na nguzo zinazohitaji kukaguliwa miaka yote ya uhai wake. Ziwa Victoria lina vizimba vya samaki upande wa Kenya, Uganda na Tanzania, na nyavu za vizimba zinashonwa na kukaguliwa na mtu aliyezama. Kazi nyingi za aina hii hupewa wageni, kwa sababu mkandarasi anaombwa na bima yake aonyeshe vyeti, na wenyeji wenye vyeti ni wachache mno.

Lakini asiingie mtu humu kwa sababu ya mshahara peke yake. Tarehe 25 Februari 2022, kule Pointe-à-Pierre, Trinidad, wazamiaji watano waliokuwa wakitengeneza bomba la mafuta lenye kipenyo cha inchi 30 walifyonzwa ndani yake. Alitoka mmoja tu akiwa hai. Kilichowavuta ni tofauti ya shinikizo kati ya upande mmoja na mwingine. Tundu la upana wa sentimita 30, maji ya upande mmoja yakizidi ya upande wa pili kwa urefu wa mita 5, linamkandamiza mtu kwa nguvu ya takriban kilo 360, na hakuna mikono ya binadamu inayojinasua hapo. Hatari hii haimo kwenye kozi za watalii, kwa sababu mtalii hapelekwi kwenye milango ya mabwawa wala mabomba. Ndiyo sababu namwonya daivimasta anayeombwa na mwenye meli “ashuke kidogo tu” akatoe kamba kwenye rafadha, au na mradi wa maji achungulie chujio la pampu. Aliyeomba anaweza kuwa na nia njema. Lakini kama injini haijafungwa kwa kufuli na ufunguo haumo mikononi mwa msimamizi wa mbizi, jibu ni hapana, na fedha iachwe.

Kuna lingine ambalo vijana hawaambiwi kuhusu njia hii: mkandarasi anamtafuta fundi anayejua kuzama, na ufundi ndio ulio mgumu zaidi kuupata. Mchomeleaji mwenye cheti cha VETA, vyuo vya ufundi vya serikali ya Tanzania, anayekwenda Durban au Cape Town kusomea uzamiaji anarudi akiwa na thamani kubwa kuliko mzamiaji bora asiyejua kushika holda ya kuchomelea. Fundi bomba, fundi wa injini za meli na fundi wa zege wote wana pa kuingilia.

Upo pia mlango wa tatu, wa serikali, ambao hauna ada. Jeshi la wanamaji, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) kule Zanzibar, polisi wanamaji, zimamoto na uokoaji. Wazamiaji walioingia ndani ya MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mwaka 2018 walimkuta mhandisi wa kivuko akiwa hai baada ya siku mbili, kwenye mfuko wa hewa, wakamtoa. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi, na kijana mmoja wao, Jackson Majaliwa, baadaye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nililifurahia sana hilo. Nilisikitika kwamba tulihitaji ajali ili kuona kuwa vijana wa maji ndio wa kufundishwa uokoaji wa maji. Anayependa kusaidia watu na anaweza nidhamu ya kambi aufikirie mlango huu kabla ya kuuza shamba la mzee kulipia kozi.

Nisiwasahau wale waliokwisha kuzama kwa kulipwa na hakuna anayewaita wataalamu: vijana wanaotafuta majongoo bahari kwa mitungi, wanaoshushwa mara nyingi kwa siku kwenye kina kirefu, bila kompyuta ya mbizi wala jedwali, wakilipwa kwa wanachokileta juu. Kwenye vijiji vya wavuvi unaweza kumkuta mmoja wao amekaa barazani, miguu haimfuati tena. Majirani watasema ni jini wa bahari. Ni nitrojeni iliyotoka kwenye damu kwa mapovu na kugusa uti wa mgongo. Kama kuna mahali ambapo kozi ya Rescue inapaswa kutolewa bure kesho asubuhi, ni kwa watu hawa, kwa sababu tayari wako chini ya maji.

Nikiulizwa na kijana wa Kizimkazi au Msambweni aliyemaliza kidato cha nne, hana mtaji, anataka maisha ya kuzama, nitampa njia hii bila kuzunguka. Aende hospitali kwanza. Masikio, mapafu, moyo. Mwenye pumu au tundu kwenye kiwambo cha sikio ajue mapema kabla hajatoa senti kwa mtu yeyote. Kisha asome ufundi wa kuchomelea au wa injini kwenye chuo cha ufundi, hata kama moyo wake uko kwa watalii, maana ufundi huo utamlisha masika kituo kikifungwa. Baada ya hapo aingie kituo cha watalii kwa kazi ya boti yenye mshahara, afike Rescue, akae hapo mwaka au miwili akiandika kila mbizi kwenye daftari lake: mahali, kina, dakika, mkondo, nani alisaini. Wasichana nao wafanye hivyohivyo. Wageni wengi wa kike, na watoto wao, wanatulia zaidi wakiongozwa na mwanamke, na kituo chenye mwalimu wa kike mwenyeji bado ni adimu kiasi kwamba atachagua pa kufanya kazi.

Akifikisha miaka 21 au 22 atakuwa anajua kama furaha yake ni kumwona mgeni akivuta pumzi ya kwanza chini ya maji, au ni chuma na kazi ya kupapasa gizani. Wa kwanza aombe kozi ya uongozi hapohapo alipo. Wa pili aanze kuweka akiba ya Afrika Kusini. Na siku mwenye kituo atakapomwambia kwamba kozi ni bure, amshukuru kwa heshima zote, avute kiti, amwombe waandike pamoja ile karatasi ya ukurasa mmoja, yenye tarehe ya kumaliza na sahihi mbili. Isiposainiwa, aendelee na mshahara wake wa boti na asikubali kazi ya bure hata ya siku moja.